Kamba ya Noella Voisine, Kabla na Baada ya Viazi

Ijumaa tarehe 12 Juni, kengele ya saa nane mchana ikishalia, Bi. Noella Voisine atastaafu rasmi baada ya kuitumikia Shule ya Sekondari ya Kettle Brook kwa miaka thelathini na miwili akiwa mshauri wa wanafunzi. Ilitakiwa iwe thelathini na mmoja. Huo mwaka mmoja uliozidi una habari yake, na tutaufikia, kwa sababu bila huo wasifu huu ungeenea nusu ukurasa na mkuu wa shule ameniagiza nijaze kurasa nne za programu ya sherehe.

Ameniagiza pia niandike kwa uchangamfu. Mimi ni mwalimu wa kemia. Nitajitahidi.

Bi. Noella alizaliwa huku huku kaskazini mwa Maine, maili sita kutoka mlango wa shule hii, mtoto wa nne wa mkulima wa viazi, Mzee Armand Cyr. Alianza kuokota viazi kwa kikapu akiwa na miaka tisa, enzi ambazo mashine zilikuwa za wachache. Baadaye alikwenda kusini kusoma, akakaa huko miaka saba kwa masomo na kazi, akarudi na shahada mbili na mume aitwaye Rosaire, ambaye naye ni mtu wa huku huku na angeweza kumpata bila kusafiri.

Ofisi yake ya kwanza ilikuwa stoo ya magodoro ya mieleka. Mkuu wa shule wa wakati huo alimkabidhi ufunguo na kumwambia, "Kazi yako ni moja tu, watoto wasikwame." Hakusema wasikwame wapi. Noella aliamua mwenyewe kwamba maana yake ni vyuoni, akaagiza kutoka mjini kijitabu cha kupanga safari ya maombi ya chuo.

Kijitabu kile kilikuwa kizuri. Kilieleza, mwezi baada ya mwezi, mwanafunzi afanye nini na lini: majira ya kuchipua akiwa darasa la kumi na moja, yaani moja kabla ya la mwisho, afanye mtihani wa udahili, kiangazi atembelee vyuo, Septemba aandike insha yake na kuwaomba walimu barua za mapendekezo, Oktoba arekebishe, tarehe mosi Novemba atume maombi ya mapema. Waliokitunga walikuwa watu makini, wa mahali ambako Septemba watu wanakaa ndani.

Huku kwetu Septemba hakuna mtu ndani. Shule inafunguliwa katikati ya Agosti, wenzetu wa kusini wakiwa bado wanaogelea, ili katikati ya Septemba ifungwe wiki tatu kwa likizo ya mavuno na watoto waingie mashambani. Noella alilijua hilo tangu utotoni. Lakini miaka saba ya kusini inatosha kumsahaulisha mtu, na mwaka wake wa kwanza kazini alitangaza Siku ya Insha, akaipanga Jumatatu ya pili ya likizo yenyewe, akabandika tangazo mlangoni, akaoka biskuti sinia mbili. Siku hiyo alifika yeye na mtunza majengo, Bw. Hollis Ames, aliyekuja kutengeneza boila, mtambo wa kupasha jengo joto. Hollis aliandika insha, kwa kuwa biskuti zilikuwa na masharti. Inasemekana ilikuwa nzuri, na ilihusu boila.

Mzee Armand alipoipata habari hiyo alicheka mpaka akatafuta kiti. Jumapili akaisimulia kanisani, ibada ikiwa imekwisha na watu wanakunywa kahawa: "Binti yangu ana shahada mbili, jamani, na ameita watoto wa watu darasani viazi vikiwa ardhini. Mniombee." Noella alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe mkononi.

Wiki iliyofuata aliifungua kamba ya kuanikia nguo iliyokuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, kwa ruhusa, anadai, akaifunga kwenye korido yetu kuu kuanzia mlango wa mbele hadi mlango wa ukumbi wa michezo. Mwanzo wa kamba ulikuwa Machi ya darasa la kumi na moja. Mwisho wake, pale ukumbini, ulikuwa tarehe mosi Mei ya mwaka unaofuata, siku ya kukiambia chuo ndiyo au hapana. Kila kazi iliandikwa kwenye kadi na kutundikwa mahali pake. Kila mwanafunzi alipewa kibanio cha nguo chenye jina lake, akawa anakisogeza mbele kila anapomaliza kazi. Na katikati, penye Septemba, Noella alitundika gunia tupu la viazi lililofunika likizo yote ya mavuno. Chini ya gunia hapakuwa na kadi hata moja. Kila kitu kilikuwa ama kabla ya gunia au baada ya gunia.

Ukiniuliza kazi kubwa ya maisha yake ni ipi, nitakuonyesha hilo gunia. Yale yote ambayo kijitabu kiliyaweka Septemba, yeye aliyavuta nyuma. Barua za walimu zikawa zinaombwa Mei, wakati mwalimu bado anamkumbuka mtoto na pengine bado anampenda. Insha ikaanza Juni, na rasimu ya pili ikasomwa Agosti shule inapofunguliwa. Wazazi wakatakiwa kuleta hesabu zao za kodi, za kuombea msaada wa ada, kabla mashine hazijawashwa, kwa sababu zikishawashwa mkulima hapatikani hata kwa maziko ya shangazi. Oktoba ikabaki ya kusafisha kazi, si ya kuianza. Hata maombi ya kawaida, ambayo vyuo vinayapokea mpaka Januari, yeye aliyamaliza kabla ya Krismasi, maana hakuamini kwamba kuna mtu amewahi kufanya jambo la maana kati ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Tulidhani kamba ingedumu mwezi. Mkaguzi wa zimamoto aliagiza iinuliwe. Timu ya mpira wa kikapu ilipogundua kwamba sasa ni ya kurukiwa, ikashushwa tena. Msichana mmoja aliyekuwa amependa alikisogeza kibanio chake kikakaa bega kwa bega na cha mvulana fulani, mbele kabisa ya kazi alizokuwa amemaliza. Noella alikirudisha. Kesho yake mvulana akakirudisha nyuma cha kwake, akamfuata. Wameoana, wana duka la matairi, na Noella anaihesabu habari hiyo kama hasara.

Walimu nao tulikuwa na vibanio, vya barua za mapendekezo. Changu kilikuwa chekundu, na naamini mpaka leo kwamba rangi hiyo ilichaguliwa makusudi. Mwalimu aliyechelewa hakuandikiwa ujumbe wala kuitwa ofisini. Noella alikuja tu kusimama kwenye mlango wa darasa lake, akala tofaa zima polepole akimtazama, akaondoka na kiini chake. Nimefundisha kemia mbele ya mkaguzi wa jimbo bila wasiwasi wowote. Tofaa lile ni jambo lingine.

Kwa kuwa korido hiyo ndiyo njia ya kwenda kutazama mechi, mji mzima ulipita chini ya kamba jioni za baridi na kuisoma. Watu walijua mtoto wa jirani amekwama kwenye insha kabla jirani mwenyewe hajajua. Mama mmoja aliniambia kwamba aliacha kutazama mechi, anakuja kwa ajili ya kamba. Kwa njia hiyo wamepita wauguzi, wahandisi, daktari wa meno, mafundi wa nguzo za umeme (maana kamba ilikuwa na kadi za vyuo vya ufundi vilevile), na mwanasheria mmoja ambaye hatumtaji sana.

Lakini si kila mtu alipiga makofi. Mwaka Noella alipoajiriwa, darasa la mwisho lilijaza jukwaa la ukumbi. Mwaka huu wahitimu wote wanaenea kwenye basi dogo la timu na nafasi inabaki ya mabegi. Watoto wanaondoka, na wengi hawarudi. Katika mkutano wa mji wa mwezi Machi, miaka michache iliyopita, alisimama Lucien Dubay, mkulima wa viazi wa upande wa kilimani, kofia mkononi. "Nauliza tu," alisema. "Tunamlipa huyu mama mshahara awaonyeshe watoto wetu njia ya kutoka. Yupo anayelipwa kuwaonyesha ya kurudi?"

Watu walicheka, halafu wakaacha. Noella alijibu, "Njia ni hiyo hiyo moja, Lucien. Mimi naifagia tu." Lilikuwa jibu zuri na lilipigiwa makofi. Swali lile lilimuuma, kwa sababu alikuwa anajiuliza yeye mwenyewe kila Mei, akivitoa vibanio kwenye kamba.

Sasa tuje kwenye ule mwaka uliozidi.

Lucien Dubay alifiwa na mkewe, Annette, binti yao Josie akiwa darasa la sita. Josie ndiye mtoto wake pekee. Mwaka juzi alikuwa darasa la mwisho, na alitaka kwenda kusoma sayansi ya udongo kwenye chuo kimoja cha mbali huko magharibi, chenye ufadhili wa gharama zote kwa watoto wa wakulima. Bila ufadhili huo asingekwenda. Hilo lilijulikana na kila aliyejua bei ya viazi. Wenye ufadhili, ambao inaelekea hawajawahi kukutana na mkulima, walikuwa wameweka mwisho wa maombi tarehe 30 Septemba, saa kumi na moja jioni. Chini kabisa ya gunia.

Josie alifanya kila kitu mapema. Insha yake, iliyohusu jinsi udongo wa kwao unavyonuka baada ya theluji kuyeyuka, ilikamilika Agosti, na barua yangu ilikuwa imeandikwa tangu Mei, kwa sababu ya tofaa. Kilichobaki kilikuwa sehemu ya mzazi, hesabu za kodi na sahihi, ambavyo Lucien mwenyewe alitakiwa kuvijaza kwa simu. Hakukataa. Alisema, "Baada ya viazi." Huku kwetu huko si kukataa. Arusi, meno mabovu na ugomvi wa mipaka vyote husubiri baada ya viazi. Lakini mwaka ule mvua ilinyesha mfululizo, mashine zikazama, bodi ya shule ikaongeza likizo kwa wiki moja, na jua lilipotoka hatimaye ilikuwa asubuhi ya tarehe 30 yenyewe, huku utabiri ukisema baridi kali iko nyuma yake. Kiazi kikiganda ardhini hakina kazi tena.

Noella alifika shambani amevaa buti za mpira za Rosaire. Lucien alikuwa kwenye trekta, mashine ya kuvunia ikivutwa nyuma yake, na hakupunguza mwendo. Noella akatembea kando yake kwenye tope.

"Lucien, nahitaji robo saa yako."

"Mashine haisimami, mama. Leo ukiiona imesimama ujue nimekufa."

"Basi niambie nisimame wapi mimi."

Nafasi ilikuwepo. Kwenye mashine ile viazi hupanda juu ya mkanda vikiwa vimechanganyika na mawe na madongoa, na watu waliosimama kandokando huyatoa kwa mikono. Shemeji yake Lucien alikuwa ameumia mgongo, kwa hiyo Noella alipanda akasimama mahali pake, ana kwa ana na Josie, akatoa mawe kuanzia asubuhi. Alikuwa anaelekea umri wa miaka sitini na mitano. Josie anasema hakupitisha jiwe hata moja, ila viazi kadhaa vizuri vilitupwa.

Ugumu ulikuwa mtandao. Kwenye shamba la Dubay simu inashika kona moja tu, ya juu kando ya barabara, pale trekta linapogeukia. Ukishuka na mstari, inakata. Basi kazi ikafanyika kwa mizunguko. Trekta lilipofika konani na kwenda polepole ili ligeuke, Noella alishuka, akatembea ubavuni mwake na kumpa Lucien simu kupitia dirishani. Mzunguko wa kwanza Lucien alijaza jina. Mzunguko uliofuata alijaza hesabu za kodi, ambazo alizijua kwa kichwa. Mchana ulikuwa umekwenda ukurasa ulipofika mahali pa sahihi. Lucien aliutazama, akaishikilia simu, akamwambia Noella, "Panda."

Noella alipanda, akakaa juu ya sanduku la spana, na Lucien akageuza trekta akashuka na mstari, simu ikiwa juu ya goti lake, haijasainiwa. Huko nyuma Josie alimwona Mama Voisine akiingia kwenye kibanda cha dereva na mtandao ukiachwa konani. Ameniambia kwamba alitoa mawe mstari mzima bila kuyaona.

Yaliyosemwa kibandani nimeyapata kwa Lucien mwenyewe, na yeye si mtu wa kuongeza chumvi, kawaida anapunguza.

"Sisemi hastahili," alisema. "Anastahili kuliko mimi. Nasema nyumba itakuwa kimya."

"Itakuwa kimya," Noella alimjibu. "Sitakudanganya."

"Jioni nikiingia huwa anauliza nimevuna ngapi. Hata kama alikuwa hapa hapa na mimi siku nzima. Anauliza tu."

Noella akamwambia hajui kama Josie atarudi, na kwamba hajawahi kumwahidi mzazi yeyote jambo hilo, kwa hiyo hatamwahidi yeye.

"Na mkandani?" Lucien aliuliza. "Mwakani nani atasimama mkandani?"

"Nitasimama mimi."

"Wewe si unastaafu?"

"Viazi vinajua nimestaafu?"

Walipanda na mstari wa pili. Kona ya juu simu iliposhika, Lucien alijaribu kusaini kwa kidole, tope likakataa. Noella akakipangusa kioo kwa skafu yake. Akasaini. Josie, kule juu ya mkanda, aliona mkono wa Noella ukitoka dirishani na kidole gumba kimeinuliwa, na aliketi juu ya viazi, jambo ambalo haliruhusiwi. Saa kumi na moja ilikuwa bado mizunguko miwili.

Sasa, ofisi ya wilaya ina utaratibu wake. Mfanyakazi anayetaka kustaafu Juni anatakiwa kuleta taarifa ya maandishi kabla ofisi haijafungwa tarehe 30 Septemba ya mwaka unaotangulia. Taarifa ya Noella ilikuwa imeandikwa na kutiwa sahihi. Ilikuwa ndani ya mkoba wake, ndani ya gari lake, lililoegeshwa siku nzima kando ya shamba la Lucien Dubay. Mwanamke aliyewatundikia vibanio watoto wa mji mzima hakuwa amejitundikia cha kwake. Alikumbuka yuko kwenye sinki la jikoni anajiosha tope, na ofisi ilikuwa imeshafungwa. Ukimwuliza kwa nini hakuipeleka Agosti, anaanza kuzungumzia hali ya hewa. Mimi nadhani ilimwuma kuiachia.

Alikwenda kesho yake kwa msimamizi wa shule za wilaya, Bw. Whitcomb, ambaye ni mtu mwema na wa sheria.

"Noella," alimwambia, "ningekuwa mwanafunzi wako na nimekuja leo, ungeniambia nini?"

"Ningekuambia tarehe ni tarehe."

"Basi."

Hakukata rufaa. Rosaire ndiye aliyekuwa na la kupoteza: alikuwa amenunua gari la safari lenye vitanda ndani, ili waende kuona milima ya magharibi katika mwezi wa Septemba, mwezi ambao hawajawahi kusafiri tangu waoane. Alipopewa habari alisema, "Haya. Nitaliosha tena." Akaendelea kuliosha kila Jumamosi kwa mwaka mzima, mpaka rangi ya ubavu mmoja ikapauka.

Josie alipata ufadhili. Majibu yalikuja Machi, na tarehe mosi Mei kibanio chake kilifika mwisho wa kamba. Desturi yetu ni kwamba aliyefika mwisho anaondoka na kibanio chake. Siku hiyo Lucien alikuja shuleni na kofia mkononi, akatembea korido nzima akisoma kadi moja baada ya nyingine, akafika kwenye gunia akasimama. Akaligeuza, akatazama maandishi yaliyofifia upande wa ndani. "Gunia hili ni la baba yangu," alisema. Noella alikiri kwamba inawezekana. Lucien alilirudisha vizuri lilivyokuwa, akala biskuti mbili, akaenda zake.

Agosti Josie aliondoka. Septemba, mwaka jana, shule ilipofungwa kwa mavuno, Noella alisimama mkandani kwa Dubay kama alivyoahidi, na Rosaire akaendesha lori la viazi, kwa kuwa gari la safari lilikuwa safi tayari.

Tarehe 30 ilikuwa siku kavu, ya jua, baada ya wiki ya mawingu, na usiku wake ulitabiriwa kuganda. Mimi nilikuwa shamba la Roland Ouellette, ng'ambo ya barabara, ambako husaidia kila mavuno. Kabla ya mchana mashine ya Dubay ilinyamaza katikati ya mstari. Siku kama ile mashine hainyamazi ila mtu ameumia. Roland aliacha trekta lake likinguruma na sote tukakimbia.

Tulimkuta Lucien ananawa mikono kwa maji ya dumu.

"Nani kaumia?" Roland aliuliza.

"Hakuna."

"Sasa?"

Lucien aliinua uso kumtazama Noella, aliyekuwa bado juu ya mashine na jiwe mkononi. "Shuka, mama. Twende wilayani."

"Baada ya viazi, Lucien. Jua hili utalipata wapi tena? Nitakwenda jioni."

"Hakuna cha baada ya viazi. Shuka."

Noella alinitazama mimi. "Carl, mwambie."

Nilikuwa nimeshaona kile kilichokuwa kibandani mwa trekta. Kwenye kizuia jua, mbele ya macho ya dereva, kilikuwa kimebanwa kibanio cha nguo chenye jina la Josie, na kadi yenye mwandiko wake: *30 Septemba. Mama Voisine. Usimwache asahau, baba.* Alikibana pale Agosti, asubuhi ya kuondoka. Lucien alikuwa ameendesha msimu wote akikitazama.

Noella alishuka. Pale wilayani Lucien alivua buti mlangoni, akasimama nyuma yake na soksi mpaka muhuri ukagongwa kwenye taarifa yake ya kustaafu. Aliomba nakala, akaikunja, akaiweka ndani ya kofia. Bw. Whitcomb alitoka ofisini kwake akawaambia kwa upole kwamba hapakuwa na haraka, ofisi inafungwa saa kumi na moja. "Najua inafungwa saa ngapi," Lucien alimwambia.

Njiani kurudi Noella alilia, waziwazi, na ameniruhusu niliandike hilo. Saa iliyopotea haikurudi. Usiku ule mistari miwili ya mwisho ya Dubay iliganda ardhini na viazi vyake. Nilimwuliza Lucien kama anajuta. Aliniambia nikaangalie kazi yangu.

Josie yuko nasi ukumbini leo, mstari wa tatu, na baba yake. Kama atarudi Kettle Brook akimaliza chuo, hakuna anayejua, na Noella hajawahi kumwuliza. Lucien ananiambia kwamba jioni simu yake hulia, na kwamba anayepiga huuliza amevuna ngapi, hata mwezi wa Januari.

Kamba inabaki. Mshauri mpya, Bi. Harriet Sands, anatoka kusini na ni mtu mwenye bidii. Wiki iliyopita aliniuliza kama gunia lile linaweza kuondolewa, maana linachukua nafasi nyingi. Nilimwambia asubiri Septemba.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na kila aliyewahi kusogeza kibanio kwenye korido hii: Bi. Noella, tumekuchosha, na asante kwa kukubali kuchoka kwa ajili yetu. Kibanio chako kipo mwisho wa kamba, mlangoni mwa ukumbi. Kichukue unapotoka, jina lako liliandikwa na Josie. Gari la safari limeoshwa, na nilimwuliza Rosaire kama hatimaye mtaondoka Septemba. Alinitazama kwa huruma. "Septemba?" alisema. "Na mkandani atasimama nani?"

Afya njema, basi, na usingizi wa kutosha. Na safari njema kwenu wawili, baada ya viazi.